Maswali ya tenda za serikali: kwa wenye biashara ndogo wa Lamu

Haya ndo maswali watu huniuliza sana, wenye maduka, mafundi, wenye mashua, kina mama wa mapishi, vijana waliofungua kampuni alafu hawajui waanzie wapi. Nimekuwa nikijaza haya makaratasi na kuwasaidia wenzangu kujaza, na kuna jambo lanikera roho: tenda nyingi za hapa kwetu zachukuliwa na kampuni za Mombasa na Nairobi, sisi twabaki gatini twatizama mzigo ukishushwa. Watu husema ni mambo ya kujuana. Kujuana kupo, sikatai, lakini tenda nilizoona zikipotea nyingi zimepotea kwa karatasi moja iliyokosekana au kwa kuchelewa kidogo tu, na hilo twaweza kulirekebisha wenyewe.

Nina duka dogo tu Langoni, serikali itanunua nini kwangu?

Serikali yanunua kila kitu ambacho nyumba yoyote yanunua na zaidi. Sabuni, mchele, maharagwe, karatasi za kuprinti, wino, maji ya chupa ya mikutano, chai na mahamri ya semina, hema na viti vya kukodi, petroli ya boti, kutengeneza injini za boti, kupaka rangi, kufagia, kubeba watu na mizigo kwenda visiwani. Na serikali si kaunti peke yake, hapo ndo wengi wakosea. Shule ya sekondari ya umma yanunua chakula kila muhula. NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa jimbo, ya Lamu Magharibi na ya Lamu Mashariki zajenga madarasa. Kuna kampuni ya maji LAWASCO, kuna Makumbusho ya Taifa, shirika la wanyamapori KWS, mamlaka ya bandari, hospitali. Kila moja ina mtu wake wa manunuzi na bajeti yake. Ukisubiri kaunti pekee wajifungia milango mingine yote mwenyewe.

Tenda zatangazwa wapi?

Pa kwanza ni tenders.go.ke, ndo websaiti ya serikali ya kuweka matangazo ya tenda na pia mikataba iliyotolewa, ni bure kuangalia. Yafaa uangalie hata zile zilizokwisha, manake waona nani alishinda na kwa pesa ngapi, hiyo ni elimu ya bure kabisa kuhusu bei. Pili websaiti ya kaunti na ya kila taasisi unayoilenga. Tatu lile gazeti la serikali la MyGov. Na nne, usidharau ubao wa matangazo, zipo ofisi na shule ambazo tangazo utaliona mlangoni kabla hujaliona kwengine.

Kuhusu e-GP, yaani ule mfumo wa kufanya tenda onlaini, serikali iliuleta mwaka 2025 na ikataka kila kitu kipite huko, alafu mambo yakafika mahakamani. Kwa hiyo usimsikilize mtu wa barazani akikwambia siku hizi ni onlaini tu au siku hizi ni bahasha tu. Soma tangazo lenyewe, litakwambia upeleke wapi na kwa njia gani. Lakini jisajili kwenye mfumo mapema, usingoje hadi tenda itoke ndo uanze kutafuta paswedi.

Wakati gani wa mwaka niwe macho zaidi?

Mwaka wa fedha waanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Matangazo ya kusajili masaplaya huja sana kuanzia Aprili hadi Juni, ukiyakosa waweza kukaa kando muda mrefu japo kisheria ile orodha yafaa iwe yafanyiwa mabadiliko kila wakati, kwa hiyo hata katikati ya mwaka peleka barua uombe kusajiliwa. Alafu Mei na Juni ofisi zakimbilia kumaliza bajeti, kazi ndogo ndogo huwa nyingi, na kwetu huo ndo wakati kusi yavuma na bahari imechafuka, kwa hiyo ukikubali kupeleka mzigo Kiunga mwezi wa sita jua wakubali nini.

Tofauti ya tenda, kotesheni na kusajiliwa ni nini?

Tenda ya wazi ni ya kila mtu, yatangazwa, wajaza dokumenti kubwa, warudisha kabla ya saa iliyowekwa. Kotesheni ni ya vitu vya pesa ndogo, ofisi yatuma fomu kwa watu wasiopungua watatu walio kwenye orodha yao ya masaplaya na wote waandika bei. Kusajiliwa ndo kule kuingia kwenye orodha. Kusajiliwa si kupewa kazi, hili nalisema kila siku, mtu asajiliwa alafu akaa nyumbani angoja simu. Ukisajiliwa nenda ujitambulishe ofisi ya manunuzi, uliza wananunua nini robo hii, acha namba ya simu ambayo haizimwi na imeli ambayo waifungua. Kwa anaeanza mimi humwambia aanze na kotesheni za shule na ofisi ndogo, apate LPO, yaani karatasi ya ofisi ya kuagiza mzigo, mbili tatu alizozitimiza vizuri, hizo ndo zitakuja kuwa ushahidi wake wa uzoefu kwenye tenda kubwa.

Makaratasi gani yafaa niwe nayo tayari?

Cheti cha usajili wa biashara au kampuni kupitia eCitizen. Pini ya biashara ya KRA, wale watu wa kodi. Tax compliance, yaani cheti cha kuonyesha huna deni la kodi, ambayo yadumu miezi 12, na hii ndo yaangusha watu wengi sababu mtu hajafanya ritani, hata ritani ya sufuri lazima uifanye. CR12 kama ni kampuni, ndo karatasi ya kuonyesha wakurugenzi na wenye hisa, na mara nyingi huomba iliyotolewa karibuni, soma wamesema miezi mingapi. Kibali cha biashara cha kaunti cha mwaka huo. Kama ni ujenzi wahitaji cheti cha NCA, mamlaka ya ujenzi, cha aina ya kazi hiyo hiyo, barabara si nyumba na nyumba si maji. Kama ni chakula, vyeti vya afya vya wapishi. Na eTIMS, ule mfumo wa KRA wa kutolea invoisi, bila hiyo siku ya kulipwa utasumbuka.

Skani zote ziweke kwenye simu na kwenye imeli yako, kila moja na jina lake na tarehe ya kuisha. Wallahi hili peke yake litakuokolea usiku mwingi wa kutafuta umeme na printa.

Hiyo AGPO ni nini hasa?

Ni mpango ulioanza 2013, sheria yasema asilimia 30 ya manunuzi ya serikali iwekwe kando kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kijana ni wa miaka 18 hadi 35. Ukiwa na cheti cha AGPO waweza kuomba zile tenda zilizotengwa, na humo washindana na wenzako wa kundi hilo, hushindani na kampuni kubwa. Cheti ni bure, chaombwa onlaini na chadumu miaka miwili. Mtu akikwambia ulipe ili akutolee cheti, kimbia. Kulipa wa saiba kwa kazi ya kujaza na kuskani ni sawa, lakini hakuna ada ya cheti.

Kama ni ushirika au kampuni, wanachama wasiopungua asilimia 70 wawe wa kundi hilo na uongozi wote asilimia 100 uwe wao. Hapa kuna ubaya mwingi: mwanamume mwenye pesa aandika jina la mkewe au binamu yake, yule msichana asaini tu na hajui kampuni yafanya nini. Dada zangu, kampuni ikiwa kwa jina lako basi deni la KRA ni lako, na kesi ni yako. Ukiombwa jina, taka na funguo, yaani akaunti ya benki, paswedi ya iTax ile ya kufanyia ritani, na nakala ya kila mkataba.

Mimi nina miaka 48 na ni mwanamume, basi mimi sina changu?

Unacho. Tenda za wazi ni za wote, na pia kwenye kaunti sheria yataka angalau asilimia 20 ya manunuzi iende kwa wakaazi wa kaunti ile. Watu wa Lamu hili hawalijui au hawaliulizi. Ulizeni kwenye mikutano ya bajeti, ulizeni kwa maandishi, mwaka uliopita ile 20 ilienda kwa nani. Na kibali chako cha biashara kionyeshe wafanyia kazi hapa hapa.

Nikiwa nafanya kazi kaunti naweza kuomba tenda ya kaunti?

Hapana. Wala usipitishe kwa jina la mkeo au ndugu yako ukadhani haitaonekana, fomu zauliza wenye kampuni ni nani na kama wana uhusiano na watu wa ofisi ile.

Bid bond naitoa wapi na sina pesa?

Bid bond ndo dhamana ya tenda, hutakiwa kwenye tenda nyengine, haizidi asilimia 2 ya thamani ya kazi, watoa benki au kampuni ya bima. Ukiomba tenda iliyotengwa ya AGPO hutoi dhamana hiyo, wajaza fomu ya tamko la kulinda tenda na kusaini. Lakini lazima uijaze. Watu wasikia hakuna bid bond alafu waiacha fomu tupu, watolewa.

Nijazeje ili nisitolewe raundi ya kwanza?

Hapa ndo penye kazi yote kwa hiyo nisamehe nikirefusha. Tathmini huanza na makaratasi ya lazima, na hapo ni ndio au hapana, hakuna maksi za huruma. Bei yako yaweza kuwa nzuri kuliko ya wote na isifikiwe kabisa.

Kwanza soma dokumenti yote mara moja bila kalamu. Mara ya pili chukua karatasi na uandike kila pahali palipoandikwa lazima, iwe ni nakala, sahihi, muhuri, tarehe. Hiyo karatasi ndo utakayoitumia mwisho kuhakikisha. Usijaze kwa kukumbuka tenda ya mwaka jana, kila ofisi yabadilisha kitu.

Kurasa ziandikwe namba zote mfululizo kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, hiyo ni sheria si pendekezo. Na ni kila ukurasa, pamoja na vyeti ulivyoambatanisha. Nimeona tenda safi kabisa ya mama mmoja wa mapishi, imechapwa vizuri, vyeti vyote vimo, menyu imepangwa siku kwa siku, lakini namba ziliishia ukurasa wa 41 alafu vyeti vya afya vya wapishi vikafuata bila namba. Ikatolewa hapo hapo. Alikuwa na sufuria, alikuwa na wapishi, alikuwa na kila kitu.

Fomu ya tenda yenyewe ijazwe na isainiwe na mwenye mamlaka. Bei kwenye fomu ya tenda na bei kwenye orodha ya bei zifanane. Bei itakayosomwa siku ya kufungua ndo hiyo hiyo, hairekebishwi, kwa hiyo ukikosea kuzidisha au ukisahau sufuri moja hakuna kurudi kusema nilikusudia hivi. Mpe mtu mwengine apige hesabu upya kwa kalkuleta yake bila kuona jibu lako.

Dodoso la siri la biashara (Confidential Business Questionnaire) usiliruke hata sehemu moja, kama swali halikuhusu andika halinihusu, usiache wazi. Kama wametaka asili na nakala, toa mbili, funga kila moja na bahasha yake, andika juu kama walivyosema. Na usiweke karatasi ya uongo, cheti cha kughushi chaweza kukufungia tenda zote za serikali kwa miaka isiyopungua mitatu.

Kuhusu saa: wakisema saa tano asubuhi ni saa tano. Saa tano na dakika moja haipokewi. Ikiwa ofisi iko Mokowe na wewe uko Faza au Kizingitini usipange kusafiri asubuhi ile, njoo jana yake, lala kwa jamaa. Boti ikiharibika injini katikati ya maji hakuna kamati itakayokusikiliza.

Bei niweke vipi, niweke ya chini kabisa?

Mara nyingi anaeshinda ni mwenye bei ya chini kati ya waliopita hatua za mwanzo, lakini bei ya chini isiyokutosha yakumaliza. Tuseme wapeleka mifuko 100 ya saruji shule moja Siyu. Bei ya Mombasa waijua. Ongeza lori hadi Mokowe. Ongeza wachukuzi wa kushusha kwenye lori na kupakia mashua, hao walipwa kwa mfuko. Ongeza mashua. Sasa Siyu yaingilika maji yakijaa, ukifika maji yametoka wangoja, na nahodha akingoja yuwataka pesa ya kungoja, kwa hiyo muulize mtu wa bahari bamvua, yaani maji makubwa, ni lini kabla hujaandika siku ya kupeleka. Ukifika, kuna wa kushusha na kuna punda wa kupeleka hadi shuleni. Mifuko mingine italoa au kupasuka, weka ya ziada. Alafu weka kodi, weka gharama ya pesa yako kukaa nje miezi, ndo uweke faida.

Kampuni ya mbali haijui hizi hesabu. Hujaza bei ya chini kwa kutizama ramani, alafu huja kutafuta mashua na kuacha kazi nusu. Wewe wazijua, hiyo ndo nguvu yako, lakini zifanye kwa kalamu. Na usiende juu kupita kiasi pia, sheria hairuhusu serikali kununua vitu vya kawaida kwa bei inayozidi ya soko.

Siku ya kufungua tenda kuna haja ya kwenda?

Nenda, hata kama wajua hutoshinda. Zafunguliwa mara tu baada ya saa ya mwisho, mbele ya waliokuja, jina na bei vyasomwa kwa sauti, na wanakamati wasaini. Andika bei za wote kwenye daftari lako. Waweza kuomba nakala ya rejista ya ufunguzi. Ukienda mara kadhaa wajua washindani wako ni kina nani na huweka bei vipi. Kama ni tenda ya onlaini, fuata ilivyoelekezwa humo.

Ni lazima nitoe kitu kidogo?

Si lazima na usitoe. Ni kosa kwa anaetoa na anaepokea, na baada ya tenda kufungwa hata kumpigia simu mtu wa tathmini kumbembeleza kwaweza kukutoa. Ukiombwa, weka meseji, andika tarehe, ripoti kwa EACC, tume ya kupambana na ufisadi, wana ofisi Malindi. Najua wengi waogopa na nawaelewa, mji wetu ni mdogo na sote twajuana. Lakini anaekula yako leo atakula na ya mwanao kesho.

Nimepigiwa simu nimeshinda, ninunue mzigo?

Ngoja kwanza. Ushindi waja kwa barua, na barua hiyo hupelekewa walioshindwa pia. Mkataba hausainiwi hadi siku 14 zipite, kuwapa nafasi wenye malalamiko. Bila mkataba ulioandikwa na kusainiwa, au LPO kwa kazi ndogo, hakuna deni la serikali kwako, hata kama mkubwa wa ofisi amekwambia kwa mdomo anza.

Na wako matapeli. Wakutumia LPO yenye nembo ya serikali, wataka kitu ambacho hakipatikani kirahisi, alafu kwa bahati yatokea namba ya muuzaji anaekiuza na ataka umtumie pesa kwanza. Muuzaji na mnunuzi ni mtu mmoja. LPO yoyote usiyoiomba, tembea na miguu yako hadi ofisini ukaulize.

Sina mtaji wa kununua mzigo, nifanyeje?

Women Enterprise Fund na Youth Enterprise Development Fund huwa na mikopo ya LPO, na benki na baadhi ya sako pia. Waende kabla hujashinda, ufungue akaunti, ujue wataka nini, sababu ukishinda siku zahesabika. Njia nyengine ni kuungana wawili watatu, mwenye mashua, mwenye duka na mwenye mtaji, lakini andikeni mkataba wenu mbele ya wakili au hata mzee wa mtaa, nani atoa nini na nani apata nini.

Nimeshindwa na naona nimedhulumiwa

Barua yafaa ikwambie sababu ya kushindwa. Kama haikusema, andika uiombe. Ukiona sheria imevunjwa, waweza kupeleka malalamiko kwa bodi ya rufaa ya manunuzi iliyoko Nairobi ndani ya siku 14, na bodi yatakiwa iamue kwa siku 21. Kuna ada, na kwa kotesheni ndogo hesabu kama inafaa. Siku 14 zaisha haraka mno, usizimalize kwenye baraza kulalamika.

Nalipwa lini?

Hapa siwezi kukupamba. Madeni ya kaunti kwa masaplaya ni tatizo la nchi nzima na wako watu wamefilisika. Wajilinda hivi: hakikisha kamati ya ukaguzi na upokeaji imesaini kwamba mzigo umefika kamili, chukua nakala yako ya karatasi ya delivari iliyopigwa muhuri siku ile ile, peleka invoisi ya eTIMS na usainishe walioipokea. Bila hayo, afisa akihamishwa waanza upya. Fuatilia kila wiki kwa adabu. Sheria inatambua riba kwa malipo yaliyochelewa, kwa hiyo angalia mkataba wako wasemaje.

Na usishtuke ukipata pungufu: tangu mwisho wa 2024 bidhaa zinazouzwa kwa taasisi za umma hukatwa asilimia 0.5 ya kodi, na kama umesajiliwa VAT hukatwa asilimia 2 nyengine ya VAT na kupelekwa KRA kwa jina lako. Taka vyeti vya makato hayo, vitakusaidia kwenye ritani.

Mimi huwashauri watu wasiweke mtaji wote kwenye LPO moja ya kaunti. Shule mara nyingi ina kiasi kidogo lakini mkuu wa shule wamjua na wamfikia kwa miguu.

Na bandari je, kule Kililana?

Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021 na watu walitarajia kazi nyingi kwa haraka. Tenda za mamlaka ya bandari hutangazwa na wao wenyewe kwa hiyo fuata matangazo yao, lakini kwa biashara ndogo nafasi iliyo karibu ni kazi za chini ya kontrakta mkubwa: chakula cha wafanyakazi, usafiri wa boti, usafi, kokoto. Hapo waingia mkataba na kampuni si serikali, sheria za manunuzi hazikulindi vile vile, kwa hiyo taka malipo ya mwanzo na usipeleke chakula cha mwezi mzima bila kulipwa wiki ya kwanza.